Ngome ya Lamu: Kutoka Ulinzi Hadi Gereza

Ujenzi wa ngome hii ulianza mwaka 1813, muda mfupi baada ya Vita vya Shela, ambapo Waamu waliwashinda Wapate na washirika wao wa Mombasa. Ulikamilika mwaka 1821 kwa msaada wa Waomani.

Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Inua macho utazame boriti za mikoko zilizobeba dari: urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba katika majengo ya kale ya mji huu. Katikati ni ua ulio wazi, unaoingiza mwanga na hewa.

Mwaka 1910 serikali ya kikoloni iliigeuza ngome kuwa gereza, na Kenya huru ikaendelea kulitumia hadi mwaka 1984. Mpangilio uliowakinga watu wa mji dhidi ya adui ukatumika kuwafungia wafungwa. Baadaye jengo lilikabidhiwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, likakarabatiwa na kufunguliwa kwa umma.

Ngome hii imo katika Mji Mkongwe wa Lamu, ambao ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001. Tafadhali usichore wala kukwaruza kuta hizi.