Kutoka mashini ya Tracey mpaka telefone

Bandugu, wengi banasema muziki ya Katanga kujulikana inje ni kitu ya TikTok. Hapana. Mu 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, njo Likasi ya leo, na mashini yake ya kurekodi, akakuta Mwenda Jean Bosco na gitare. "Masanga" ikaenda mbali. Mu 1959 Mwenda alikuwa Nairobi, banamusikia ku radio. Lakini ilikuwa lazima muzungu apite, achague. Wenye hakuwapitia, nani anajua majina yao?

Rap nayo: Baloji alizaliwa Lubumbashi, lakini jina alilipatia Ubelgiji, na Starflam.

2024 njo kitu kiligeuka. "Tia" ya RJ Kanierra, kijana wa Lubumbashi, ilipanda juu watu wenyewe waliicheza mbele ya telefone, mu inchi nyingi za Afrika na mpaka Ufaransa. Hakuna mwenye alikuja kumuchagua.

Hata mutoto wa Sakania anaweza kujaribu. Shida ni mega: Tracey alijibebea mashini, mutoto anajilipia. Njo maana wengi wanatuma clip usiku, wakati forfait iko bei chini.