Taabiri ya Ikulu, si Elimu ya Kremlin

Nimelikuta tena jina hilo la "elimu ya Kremlin", safari hii katika makala ndefu kuhusu Kim Ju Ae, binti wa mtawala wa Korea Kaskazini. Mwandishi anawaita wanaochambua picha za Pyongyang "wataalamu wa elimu ya Kremlin". Kremlin iko Moscow. Neno la kimataifa la kazi hii, ya kusoma siri za watawala kwa ishara za hadharani, lilizaliwa Magharibi, enzi za Wasovieti, na kamati iliyolitafsiri ilibandika tu "elimu" mbele ya jina la ngome ya watu wengine. Wapinzani wa kamati hiyo wameleta "ramli ya siasa", ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu inapendeza masikioni. Nayakataa yote mawili. Neno ni taabiri ya ikulu, na mwenye kuifanya ni mtaabiri.

Ramli ni mchanga. Mpiga ramli huchora alama zake mwenyewe, kisha akazisoma. Mchambuzi wa Pyongyang hachori kitu. Anasoma kilichopangwa na wengine, kwa makusudi yao. Kim Jong Il, mtawala wa Korea Kaskazini, alipofariki tarehe 17 Desemba 2011, dunia ilifichwa habari kwa siku mbili, kisha ikatoka orodha ya kamati ya mazishi yenye majina 232, la kwanza likiwa la mwanawe Kim Jong Un, baba wa Ju Ae. Moscow nako, mwaka 1982, Andropov alikabidhiwa mazishi ya Brezhnev, kiongozi wa Wasovieti, akakalia kiti chake. Kando ya gari la jeneza la Kim walitembea watu saba pamoja na mrithi. Mmojawao, Jang Song Thaek, mume wa shangazi yake, aliuawa kwa amri ya dola miaka miwili baadaye. Hakuna mchanga hapo. Kuna watu, mpangilio na damu.

Sasa neno lenyewe. Kiarabu kina shina la ayn, be na re, ambalo maana yake ya msingi ni kuvuka. Pwani yetu ililipokea kwa milango kadhaa. Kuabiri ni kusafiri kwa chombo. Abiria ndiye anayesafirishwa. Ibara, hata ile ya Katiba, ni maneno yanayovusha fikra ya aliyeyatunga hadi kwa anayeyasoma. Na kutaabiri ndoto ni kuvuka kutoka kilichoonwa hadi maana yake, hali aliyeota ni mwingine na anayefasiri ni mwingine. Sura ya Yusuf inatumia shina hilihili pale mfalme wa Misri anapowataka wakuu wake wamweleze ile ndoto ya ng'ombe saba. Yaani neno letu lilikwisha kuingia katika jumba la mtawala, likashughulikia mustakabali wa nchi nzima, na aliyelifanyia kazi alikuwa mfungwa aliye nje kabisa ya baraza. Ni kazi ileile ya mchambuzi aliyeketi Seoul akitazama gwaride kwenye televisheni.

Ikulu nayo tumeipata bara, kwa Wanyamwezi: makao ya mtemi. Inafaa Moscow, inafaa Pyongyang, haimfungi mtu kwenye mji mmoja.

Nilipolipendekeza neno hili mahali fulani, niliambiwa lina Uarabu mno. Waliosema hivyo walikuwa wameketi katika kikao cha istilahi, neno la Kiarabu, na hapakuwa na mmoja aliyeinuka kwa kuona haya. Niliambiwa pia kwamba taabiri yaweza kukosea. Naam! Novemba 1986 Wizara ya Ulinzi ya Korea Kusini ilitangaza kwamba vipaza sauti vya mpakani vilikuwa vikisema Kim Il Sung, baba wa Kim Jong Il, amepigwa risasi. Baada ya muda mfupi alionekana uwanja wa ndege akimpokea kiongozi wa Mongolia. Aprili 2020 mjukuu wake Kim Jong Un alikosekana katika sherehe za kuzaliwa kwa babu huyo, akavumishiwa kifo, kisha mwanzoni mwa Mei akaonyeshwa akifungua kiwanda cha mbolea cha Sunchon. Elimu iliyoshindwa hivyo ingevuliwa jina. Taabiri iliyokosea hubaki taabiri, na msomaji anajua aipe uzito gani.

Matumizi ni mepesi: taabiri ni ngeli ya i-/zi-, kitenzi ni kutaabiri. Mwaka 2024 idara ya ujasusi ya Korea Kusini ilitaabiri kwamba Ju Ae ndiye mrithi anayetarajiwa zaidi. Wataabiri wengine wanamkataa kwa kuwa hajatangaziwa cheo chochote, na vyombo vya dola havijawahi hata kutaja jina lake, tulilolipata kwa mchezaji wa kikapu wa Marekani, Dennis Rodman, mwaka 2013. Lakini Novemba 2022 alionyeshwa mkono kwa mkono na baba yake mbele ya kombora la Hwasong-17. Februari iliyofuata, kwenye karamu ya jeshi, aliwekwa katikati ya wazazi wake, majenerali wakisimama nyuma yao. Na Septemba 2025 alishuka na baba yake kwenye treni mjini Beijing. Mimi nawaunga mkono wataabiri wanaoipa ile karamu uzito kuliko kombora, kwa sababu kiti cha katikati mbele ya majenerali hapewi mtoto kwa bahati.