Nyumba za Wageni Pwani Yetu

Kaa vizuri, weka kalamu karibu, tuanze.

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa darasa letu la jioni hapa Upanga alinyosha mkono. Ni mama mwenye wajukuu, aliyefua na kupiga pasi shuka za hoteli tangu miaka ya 1980. Akauliza: "Mwalimu, zile hoteli kubwa za pwani zilipokuwa za serikali tuliambiwa ni mali yetu. Mbona sisi tuliingia kwa mlango wa nyuma?" Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Basi swali lake ndilo somo letu la leo.

Tutoke Upanga kwa miguu. Tushike njia ya pwani, tupite hospitali ya Ocean Road, tupite Ikulu na Feri, tuingie Kivukoni. Tusisimame kwanza. Twende moja kwa moja mpaka Sokoine Drive, kwenye nyumba nyeupe ya kale iitwayo Old Boma. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, na mlango wake ni wa nakshi kama milango ya Unguja.

Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alianza kujenga mji mpya karibu na kijiji cha Mzizima, akauita Dar es Salaam. Nyumba hii ilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake. Mwaka huo wa 1867 aliwafanyia karamu kubwa wawakilishi wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani. Alitaka waone bandari, wapeleke habari, na merikebu zije. Lakini kazi nzito za mji ule zilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na watu wa namna mbili katika nyumba ya wageni: aliyekaribishwa, na aliyebeba mawe. Majid alifariki mwaka 1870, na mji ukapoa.

Sasa turudi nyuma hatua chache, mpaka karibu na kanisa la Kilutheri la Azania Front. Hapa Wajerumani walijenga hoteli yao, wakaiita Kaiserhof, yaani jumba la Kaisari. Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikawa New Africa. Jengo lile la kale halipo tena, lakini hoteli ya jina hilo ipo mahali palepale.

Ili kuifahamu hoteli ile, lazima uufahamu mji wenyewe. Watawala waliugawa kwa mafungu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja ulioachwa wazi makusudi. Upanga hii yetu ilijazwa nyumba hasa katika miaka ya 1950, nyingi zikiwa za Waasia. Upepo wa bahari ulikuwa na wenyewe. Mtu wa Kariakoo aliufuata asubuhi kwenda kupika, kufagia na kutandika vitanda, na jioni akarudi kwake. Ndiyo asili ya ule mlango wa nyuma.

Tusogee tena, tufike Kivukoni. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na mwaka 1965 ikafunguliwa hapa Kilimanjaro Hotel, jengo refu la kisasa linaloitazama bandari. Safari hii mwenyewe alikuwa serikali ya wananchi. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Na mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikajengwa hoteli nyingine kaskazini ya mji, penye mchanga mweupe: Kunduchi Beach na Bahari Beach. Shabaha ilikuwa kupata fedha za kigeni. Nchi ilihitaji mashine, dawa na mafuta, na vitu hivyo havinunuliwi kwa shilingi.

Lakini je, nchi ya ujamaa ijenge majumba ya starehe kwa matajiri wa ng'ambo? Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu waliuliza hivyo waziwazi katika gazeti la The Standard, na mabishano makali yakazuka. Upande mmoja ulisema: tuna pwani, tuna wanyama, tuviuze kama tunavyouza mkonge na kahawa. Upande wa pili ukajibu: mkonge hauhitaji kuinamiwa. Mtalii anataka kutumikiwa, na taifa lililotoka kutumikishwa lisijifunze tena kazi hiyo. Makala yale Issa Shivji aliyakusanya, yakachapwa kitabu mwaka 1973.

Hapa tutumie hesabu kidogo. Tuseme mgeni ametoka Ulaya na shilingi 100 za safari. Kabla hajafika ameshalipa nauli kwa shirika la ndege la kwao, na wakala wa safari amekata chake. Akifika, analetewa siagi na mvinyo kutoka kwao pia. Je, kinachobaki kwetu ni kiasi gani? Kinategemea mambo mengi: samaki wametoka Feri au wameletwa kwa ndege? Mboga zimetoka Kariakoo? Meneja ni nani? Hoteli inaweza kuwa na jina letu juu ya paa, na faida ikaondoka na mgeni.

Tena biashara hii ina mashaka. Wageni wengi walikuja kwetu kwa kupitia Nairobi. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo. Mpaka haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Vitanda vilikaa vitupu, rangi ikabanduka kwa chumvi ya bahari. Katika miaka ya 1990 serikali iliziuza hoteli zake nyingi. Kilimanjaro ilifunguliwa upya mwaka 2005 chini ya uendeshaji wa kampuni ya kigeni.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliikumbusha methali hiyo mwaka 1962 katika maandishi yake juu ya Ujamaa. Mgeni wa hoteli hapewi jembe kamwe, maana amelipa. Si kosa lake. Lakini jembe halipotei. Lipo mkononi mwa mtu mwingine, naye ni yule mama wa shuka.

Basi nimjibu. Mama, hati ya umiliki peke yake haikutosha kuifanya hoteli kuwa yako. Serikali ilibadilisha mwenye nyumba. Desturi za nyumba zikabaki zilezile. Hoteli huwa ya wananchi pale mshahara wa mfanyakazi unaposomesha mtoto wake, pale mfuaji anapoweza kujifunza na kupanda cheo, pale mvuvi na mkulima wanapouza humo, na pale pwani inapobaki wazi kwa wote. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mita hizo ni zako. Zijue.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Nani alikuwa mgeni, na nani mtumishi, mwaka 1867? Na mwaka 1965?

2. Katika mabishano ya mwaka 1970, wewe ungekuwa upande gani? Toa sababu mbili.

3. Ulizeni mzee mmoja aliyefanya kazi hotelini, mwandike maneno yake. Hiyo nayo ni historia.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.