Glaida: Vita Viliitaka Ishuke, Wanamichezo Wakaifundisha Kupanda

Usiku wa kuamkia Juni 6, 1944, saa ya mkononi ya Meja John Howard ilisimama saa sita na dakika 16. Glaida aliyopanda ilikuwa imejibwaga shambani karibu na daraja la Bénouville, kaskazini mwa Ufaransa, kwa kishindo kilichomrusha rubani Jim Wallwork nje kupitia kioo cha mbele. Kutoka ilipokwama hadi darajani zilikuwa chini ya mita 50 tu. Walinzi wa Kijerumani hawakuonywa na mngurumo wa injini, kwa sababu glaida haina injini. Baada ya dakika kama 10 daraja lilikuwa mikononi mwa Waingereza, saa kadhaa kabla ya majeshi ya uvamizi kushuka fukwe za Normandy.

Glaida ni ndege ambayo mara nyingi huvutwa na ndege nyingine kwa kamba. Kamba ikishafunguliwa, rubani anabaki na mabawa, upepo na nafasi moja tu ya kutua. Akikosea, hawezi kuongeza moto azunguke na kujaribu tena.

Chombo hiki hakikuzaliwa jeshini. Mjerumani Otto Lilienthal aliruka kutoka vilimani mara zipatazo 2,000 kwa mabawa aliyoyaunda mwenyewe, mpaka ajali ilipomuua mwaka 1896. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles uliikataza Ujerumani kuwa na jeshi la anga na kuibana isiunde ndege za injini. Ndege zisizo na injini hazikuguswa. Hivyo, mwaka 1920, vijana walikusanyika kwenye mlima Wasserkuppe, wenye urefu wa mita 950, kushindana kwa vyombo vya mbao na kitambaa.

Mwanzoni waliteleza tu hadi bondeni. Kisha wakajifunza kuusoma upepo unaogonga mlima na kupanda juu. Mwaka 1922 Arthur Martens alikaa angani zaidi ya saa nzima. Mwaka 1929 Robert Kronfeld, Myahudi mzaliwa wa Vienna, akavuka kilomita 100. Marubani walianza pia kuzitafuta nguzo za hewa ya moto zinazoinuka ardhini jua linapokuwa kali, wakizunguka ndani yake kama tai ili wapande bila kutumia hata tone la mafuta.

Utawala wa Hitler ulipoingia mwaka 1933, klabu za glaida ziligeuzwa chuo cha kuandaa marubani wa kijeshi. Kronfeld alilazimika kuihama Ujerumani kwa sababu ya Uyahudi wake.

Matunda ya maandalizi hayo yalionekana alfajiri ya Mei 10, 1940. Glaida tisa za Kijerumani zilitua juu ya paa la ngome ya Eben-Emael nchini Ubelgiji, iliyolinda madaraja ya Mfereji wa Albert. Askari wasiofikia 90 walianza kuilipua mizinga kwa baruti maalumu za kutoboa chuma. Kesho yake ngome yenye mamia ya walinzi ilisalimu amri. Ilikuwa imejengwa kumzuia adui wa ardhini, na adui alitua kimya juu ya kichwa chake.

Waingereza na Wamarekani wakaiga mbinu hiyo kwa kasi. Viwanda vya samani vilipewa kazi ya kuchonga glaida za mbao. Marekani peke yake iliunda zaidi ya 13,000 za aina ya Waco. Lakini kimya kilekile kilichowaficha askari hakikuwaokoa mambo yalipoharibika. Usiku wa Julai 9, 1943, glaida zaidi ya 140 zilielekezwa Sicily. Nyingi zilifunguliwa kamba mapema mno huku upepo ukizipinga, na karibu nusu ziliangukia baharini. Askari zaidi ya 200 walikufa maji bila kumwona adui.

Hapo ndipo ninapoona dhuluma ambayo vita viliifanyia glaida. Wasserkuppe watu walitumia miaka wakijifunza namna ya kupanda na kubaki juu. Jeshi lilihitaji kushuka tu: mara moja, gizani, kisha chombo kiachwe shambani kama ganda la muwa. Kronfeld mwenyewe alijiunga na jeshi la anga la Uingereza, akafanya kazi ya kujaribu glaida, na alifariki mwaka 1948 akijaribu chombo kisicho na mkia.

Vita vilipokwisha, helikopta ilichukua kazi ya kushusha askari, nayo glaida ikarudi kwa wanamichezo. Walichofanya nayo tangu hapo kinastaajabisha. Mwaka 2003 Klaus Ohlmann aliruka zaidi ya kilomita 3,000 kwa siku moja akifuata mawimbi ya upepo wa milima ya Andes. Mwaka 2018, angani mwa Argentina, glaida ya Perlan 2 ilipanda zaidi ya mita 23,000, juu kuliko zinapopita ndege za abiria.

Ila safari iliyo karibu nasi zaidi ilifanyika Serengeti mapema miaka ya 1970. Mwanasayansi Colin Pennycuick alikuwa na glaida yenye injini ndogo ya kuinukia. Akishafika juu aliizima, akaingia katika nguzo ileile ya hewa waliyomo tumbusi, akazunguka nao. Alitaka kuelewa jinsi ndege hao, wanaotaga kwenye majabali ya Gol, wanavyoweza kuwafuata nyumbu mbali sana na kurudi kulisha makinda. Jibu lilikuwa mabawani: tumbusi hupiga bawa mara chache, hupanda na hewa ya moto, kisha huteleza hadi nguzo inayofuata, akitumia nguvu kidogo sana. Rubani naye, injini ikiwa imezimwa, alikuwa akifanya vivyo hivyo pembeni yao.