Dawa za presha

Dawa za presha ni dawa za cheti cha daktari zinazotumika kudhibiti shinikizo la juu la damu, ugonjwa ambao mitaani huitwa presha ya kupanda. Nyingi ni vidonge vya kumeza mara moja kwa siku. Kwa wagonjwa walio wengi haziuondoi ugonjwa. Huushikilia chini, na hushikilia tu kwa muda ule mgonjwa anaoendelea kuzimeza. Ugumu wote umekaa hapo, kwa sababu presha haiumi. Homa ya malaria humtoa mtu kitandani akatafute dawa. Mwenye presha ya 170 kwa 100 anaweza kulima, kuendesha daladala na kucheza ngoma harusini bila kuhisi lolote, mpaka siku ya kiharusi.

Hadi katikati ya karne ya 20 hata wakubwa wa dunia hawakuwa na dawa ya maana. Rais Franklin D. Roosevelt wa Marekani alipozidiwa tarehe 12 Aprili 1945, daktari wake alipima 300 kwa 190. Saa chache baadaye rais alifariki kwa damu kuvuja kwenye ubongo. Dawa ya kwanza ya kukojoza iliyofaa kumezwa kila siku, klorothiazidi, ilifika madukani 1958. Miaka ya 1960 James Black wa Uingereza alitengeneza propranololi, inayotuliza mapigo ya moyo, na mwaka 1988 akawa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel. Kaptoprili asili yake ni sumu ya nyoka. Anayeumwa na jararaka, nyoka wa Brazil, presha yake huporomoka; mwanasayansi Sérgio Ferreira aliichunguza sumu hiyo na kuipeleka katika maabara ya John Vane mjini London, na mwishowe wakemia wa kampuni ya Squibb wakaunda kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1981.

Leo makundi yanayopewa nafasi ya kwanza ni matatu. Dawa za kukojoza, kama hidroklorothiazidi, huufanya mwili utoe chumvi na maji. Amlodipini na ndugu zake hulegeza kuta za mishipa. Kundi la tatu, lenye enalaprili, kaptoprili na losartani, huzima homoni inayobana mishipa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unashauri dawa zianze pale presha iliyothibitishwa inapofika 140 kwa 90 au zaidi. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo dawa huanza hata namba ya juu ikiwa 130.

Wagonjwa wengi huhitaji vidonge vya aina mbili, na jambo hili huwatisha bure. Kuongezewa dawa ya pili si dalili kwamba hali imekuwa mbaya: dawa mbili kwa dozi ndogo hushusha presha kuliko dawa moja iliyoongezwa maradufu, tena kwa maudhi machache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Msumbiji, ulionyesha kuwa kwa Waafrika weusi michanganyiko yenye amlodipini ilifanya kazi vizuri zaidi kuliko ule usio nayo.

Kabla ya kidonge, kipimo. Mtu aliyepanda ngazi mbio, akaketishwa kwenye benchi lisilo na egemeo na kufungwa mkanda juu ya mkono wa sweta huku akiulizwa habari za nyumbani, atapata namba ya uongo. Inatakiwa apumzike dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea, miguu yote miwili ikiwa sakafuni, mkono wazi ukiwa usawa wa moyo, na kimya. Kahawa na sigara ziwe zimeachwa nusu saa kabla. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na mtu anaweza kuanzishwa dawa asiyoihitaji.

Kosa linaloua zaidi ni kuacha. Mgonjwa hupimwa, huambiwa 128 kwa 80, hufurahi, na pakiti inayofuata hainunuliwi. Namba hiyo nzuri ilikuwa kazi ya dawa. Baadhi ya dawa, kama atenololi, propranololi na hasa klonidini, zikikatwa ghafla presha huweza kurudi juu kwa kishindo, au moyo ukaenda mbio na kifua kikauma. Anayetaka kuziacha hupunguziwa na daktari hatua kwa hatua. Aliyesahau dozi moja asimeze mbili kesho yake. Amlodipini hukaa mwilini zaidi ya siku moja, kwa hiyo kusahau mara moja hakuleti maafa. Saa ya kumeza nayo imezua mabishano mengi: utafiti mkubwa wa Uingereza wenye washiriki 21,104, uliotolewa mwaka 2022, haukuona tofauti kati ya wanaomeza asubuhi na wanaomeza jioni. Dawa ya kukojoza ni afadhali inywewe asubuhi, la sivyo usiku wote ni safari za chooni. Katika Ramadhani dawa ya mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa wakati wa futari. Mipango hiyo ifanywe na daktari kabla mwezi haujaandama.

Maudhi yapo, na kuyaficha kumewafanya wengi waache dawa kimyakimya. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu. Enalaprili na kaptoprili huleta kikohozi kikavu kinachodumu wiki baada ya wiki; wapo waliotibiwa kifua mara tatu kabla ya mtu kukumbuka kuuliza wanameza nini, na dawa yenyewe ni kubadilishiwa kwenda losartani. Kundi hilo la enalaprili, kwa nadra, huvimbisha midomo na ulimi, na Waafrika hupatwa zaidi. Hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali. Dawa za kukojoza huweza kupunguza potasiamu na kuamsha ugonjwa wa jongo. Mwenye pumu asipewe propranololi. Mwanamke anayetarajia kushika mimba amwambie daktari mapema, kwani enalaprili, kaptoprili na losartani huharibu figo za mtoto aliye tumboni. Kwa wajawazito methildopa imetumika kwa miongo mingi.

Hatari nyingine huingia nyumbani bila cheti. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hununua kwa ajili ya mgongo na magoti, hupandisha presha, na zikikutana na enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza huweza kuziangusha figo. Juisi ya balungi huongeza nguvu ya nifedipini. Chumvi mbadala zenye potasiamu si salama kwa kila anayemeza losartani. Kitunguu saumu na chai ya rozela huweza kushusha presha kidogo. Havichukui nafasi ya kidonge, na mgonjwa anayevitumia aseme.

Halafu kuna dawa ya jirani. Mama mmoja anaona macho mazito, shoga yake anakata vidonge vinne kwenye pakiti yake na kumpa kwa nia njema. Vidonge hivyo vilipimiwa figo na umri wa mtu mwingine. Hatari zaidi ni ile desturi ya zamani ya kutoboa kapsuli ya nifedipini na kuidondosha chini ya ulimi ili presha ishuke hapo hapo: damu ikikosa msukumo ghafla, ubongo na moyo hukosa chakula, na kiharusi kilichokuwa kinakimbiwa huja kwa mlango huo.

Anayemeza dawa hizi ainuke kitandani taratibu, hasa akiwa mzee, na apimwe damu kwa ajili ya figo na potasiamu kila daktari anapoagiza. Siku ya kliniki abebe vyote anavyotumia katika mfuko mmoja: pakiti za vidonge, hata zilizokwisha, dawa za maumivu za dukani na chupa ya mitishamba.