Mgeni na Mwenyeji katika Nchi ya Shaba: Historia ya Maneno Mawili

1. Utangulizi

Lengo la makala haya ni kuchunguza jinsi watu waliohamia Katanga walivyopokelewa na walivyojenga makazi yao, tangu kufika kwa Wayeke katikati ya karne ya 19 mpaka misukosuko ya 1992 na 1993. Jambo hili limeandikwa sana na wanahistoria wa uchumi na wa siasa. Sisi tutalishika kwa upande wa lugha, yaani kwa kufuata maneno mawili ambayo mkazi wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi huyatumia kila siku: mgeni na mwenyeji.

Tuanze na maneno yenyewe. Shina -geni ni la kale katika lugha za Kibantu. Mbemba husema umweni, Mluba wa Kasai husema mwenyi, Mswahili husema mgeni. Watu hawa walipokutana mgodini walikuwa tayari na neno moja la kuitana. Neno hilo lina sura mbili. Mgeni ni yule aliyebisha hodi akakaribishwa, akapewa kigoda na chakula. Mgeni pia ni yule asiye wa hapa, ambaye ukoo wake haujulikani. Methali zetu zinazijua sura zote mbili. Isemayo « mgeni njoo, mwenyeji apone » humfanya mgeni kuwa mleta heri. Isemayo « mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe » humtaka afanye kazi, na kwa kumpa jembe humwingiza miongoni mwa watu wa nyumba. Ama mwenyeji ni mwenye mji. Jina hili halielezi mtu alizaliwa wapi. Linaeleza kwamba mji ni wake.

Swali letu basi ni hili: mgeni hugeuka mwenyeji lini, na kwa uamuzi wa nani? Tutaona kwamba katika Katanga jibu halikutegemea sana umbali aliotoka mtu, wala miaka aliyokaa.

2. Wayeke: wageni waliopata kuwa wenye nchi

Kabla ya ukoloni, shaba ya Katanga ilijulikana mbali. Miongoni mwa waliokuja kuitafuta walikuwa wafanyabiashara wa Kisumbwa, watu wa upande wa magharibi wa Unyamwezi, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Mmoja wao alikuwa Kalasa, ambaye, kwa mujibu wa mapokeo ya Wayeke, alifanya undugu wa damu na machifu wa huku ili biashara yake iwe na ulinzi. Mwanawe Ngelengwa, aliyejulikana baadaye kwa jina la Msiri, alikuja kukaa moja kwa moja kwenye miaka ya 1850.

Tukiangalia njia alizotumia kujikita, tunakuta mambo matatu. La kwanza ni msaada wa vita: yeye na watu wake walikuwa na bunduki, nao waliwasaidia machifu wenyeji dhidi ya maadui zao. La pili ni ndoa: Msiri alioa wanawake wengi kutoka koo na nchi mbalimbali, hata Maria da Fonseca aliyetoka upande wa magharibi kwenye uhusiano na Wareno, na kila ndoa ilikuwa daraja la siasa au la biashara. La tatu ni biashara yenyewe: mji wake wa Bunkeya uliunganisha misafara ya bahari mbili, ile ya Hindi kwa njia ya Unyamwezi na ile ya Atlantiki kwa njia ya Benguela. Pembe za ndovu, shaba, chumvi, bunduki, na watumwa pia, vilipita hapo. Tusilisahau hilo la mwisho. Utawala huu wa mgeni uliwaumiza wengi, na mwaka 1891 Wasanga walikuwa wameuasi. Mwaka huohuo, tarehe 20 Desemba, Msiri aliuawa na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold II na uliokuwa na wapagazi na askari wengi kutoka Unguja na pwani.

Kwa mwanaisimu, tokeo la ajabu zaidi ni lile la lugha. Tungetazamia kwamba lugha ya mtawala ingewafunika watawaliwa. Ikawa kinyume: wajukuu wa Wayeke walichukua Kisanga, lugha ya mama zao na ya majirani zao, na Kiyeke kikabaki kwa wachache na katika mambo ya jadi. Walioshinda kwa bunduki walimezwa jikoni na uwanjani, walikokua watoto. Hivyo Wayeke walikuwa wenyeji kwa njia mbili kwa pamoja: kwa nguvu walizotumia juu ya watu, na kwa lugha waliyopokea kutoka kwa watu haohao. Jambo hili tutalirudia, maana lina uzito katika historia ya karne iliyofuata.

3. Reli, mkataba na safari

Wageni wa karne ya 20 hawakuja na bunduki wala hawakuoa binti za machifu. Walikuja na mkataba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1910. Na 1911 tanuri la Lubumbashi likayeyusha shaba ya kwanza. Wakaaji wa nchi yenyewe walikuwa wachache, na wengi wao hawakuona sababu ya kuacha mashamba yao. Ndipo watafuta-kazi walipotumwa mbali.

Kwanza walitazama kusini. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya wafanyakazi ilitoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Baadaye, kwa sababu za siasa na za fedha, Wabelgiji walitaka kupunguza utegemezi huo, wakageukia ndani ya koloni na nchi za Ruanda-Urundi zilizokuwa chini ya udhamini wao. Njia za usafiri zilieleza watu watatoka wapi. Reli ya Kabalo hadi Ziwa Tanganyika, iliyokamilika 1915, na ile ya Bukama iliyofunguliwa 1918, ziliwaleta watu wa Maniema na wa mashariki. Reli ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, leo Ilebo, iliyokamilika 1928, ilifungua mlango wa Kasai. Mtu wa Ruanda-Urundi aliyeandikwa kazi katika miaka ya 1920 alivuka ziwa kwa meli, akapanda treni, kisha mtumbwi wa moshi juu ya mto, kisha treni tena. Alitoka nchi ya milima yenye maharagwe na maziwa, akafika nchi ya unga na joto, na maradhi yaliwapiga sana watu hao. Mgogoro wa uchumi ulipoanza kwenye 1930, wengi walirudishwa kwao. Tuzingatie neno hilo, kurudishwa: mkataba ulimpa mgeni jembe, lakini ulikuwa na uwezo wa kumnyang'anya.

4. Kambi, posho na lugha isiyo ya mtu

Kwenye miaka ya 1927 na 1928 kampuni ilibadili siasa yake. Badala ya kuwachukua wanaume kwa miezi michache, iliwaandika kwa miaka mitatu, ikawakubalia kuja na wake na watoto, ikawajengea nyumba kambini, ikawapa posho, zahanati na shule. Nia yake ilikuwa hesabu: mfanyakazi aliyekaa anajua kazi, na mtoto aliyezaliwa kambini ni mfanyakazi wa kesho. Hata hivyo, watu waliitumia nafasi hiyo kwa haja zao wenyewe. Palipo mke na watoto pana jirani, na palipo jirani pana lugha.

Lugha gani? Hapa ndipo penye kiini cha maelezo yetu. Katika miaka ya mwanzo mgodini palisikika Kibemba, na pia Kikabanga, lugha ya amri iliyokuja na mabwana wa kusini. Wakuu wa Kibelgiji, waliohofia nguvu za Waingereza, walipendelea Kiswahili, ambacho kilikwisha kujulikana upande wa mashariki tangu zama za misafara, na shule za wamisioni zikakieneza. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha vizuri mkono wa serikali na wa kampuni katika jambo hili.

Lakini mkono wa serikali hautoshi kueleza yote. Amri inaweza kumfanya mtu aitikie kwa Kiswahili mbele ya kapita. Haiwezi kumfanya ambembeleze mtoto wake kwa Kiswahili usiku. Kwa maoni yetu, Kiswahili kilishinda kwa sababu katika Katanga ya kusini hakikuwa lugha ya nyumbani ya mtu yeyote. Msanga hakuweza kumwambia Mluba: « Unaisema vibaya lugha ya baba yangu. » Munyarwanda hakujifunza lugha ya kabila jingine, bali lugha ya mji. Wote walikuwa wageni mbele yake, na wote wakawa wenyeji wake. Wakaitengeneza kwa mikono yao: mtu akawa mutu, wageni wakawa bageni, vitu vikawa bintu, kwa viambishi ba- na bi- vilivyo hai katika Kiluba na Kisanga. Edgar Polomé aliieleza lugha hii kwa wanaisimu mwaka 1968. Lakini miaka mitatu kabla yake, 1965, André Yav alikuwa ameiandikia historia ya mji wa Élisabethville kwa jina la chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Maandishi hayo hayafuati tahajia ya shule. Ila ndani yake wahamiaji wanausimulia mji kama watu walioujenga.

Sheria, kwa upande wake, haikuwa na jina zuri kwa watu hao. Amri ya 1931 iliunda mitaa ya Waafrika iliyoitwa kwa Kifaransa vituo vilivyo « nje ya mila ». Hivyo mkaaji wa mjini alitajwa kwa kile alichokosa: hakuwa chini ya chifu, wala hakuwa raia wa mji kama Mzungu. Kwamba kambi haikuwa nyumba yake kamili, alilijua waziwazi mnamo Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma kudai mshahara, na askari wakawafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville. Waliouawa walitoka nchi mbalimbali, na madai yao yalikuwa mamoja.

5. Nani wa hapa?

Umoja huo ulipata mtihani mkubwa siasa ilipofunguliwa kwa Waafrika. Katika uchaguzi wa Desemba 1957 wakuu wa komini za Waafrika mjini Élisabethville walipatikana zaidi miongoni mwa watu waliotoka nje ya mkoa, hasa Kasai. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha CONAKAT ili kuwatetea wale waliojiita Wakatanga halisi dhidi ya « wageni ». Rais wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri.

Msomaji asituelewe vibaya. Munongo alizaliwa Katanga, na hakuna haki ya kumwondolea utu wake wa Katanga. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba familia iliyotoka Unyamwezi, ng'ambo ya mpaka wa leo wa taifa, ilihesabiwa kuwa ya hapa bila shaka. Na mtu wa Kasai, ambaye hakuvuka mpaka wa taifa hata mmoja, alihesabiwa kuwa wa nje. Neno letu nchi lilisaidia mchanganyiko huo, kwani linataja taifa zima na pia eneo la kabila. Kwa hiyo umbali haukuwa kipimo. Miaka nayo haikuwa kipimo, kama ilivyodhihirika baadaye. Kuanzia Agosti 1992, wakati Mkutano Mkuu wa Taifa ulipokwisha kumchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu, watu wa asili ya Kasai walishambuliwa Lubumbashi, kisha Likasi, na Machi 1993 Kolwezi. Laki kadhaa walifukuzwa. Wengi walingoja treni kwa miezi kwenye vituo vya reli, na wengine walifia humo na njiani. Kati yao walikuwamo waliozaliwa kambini, wa wazazi waliozaliwa kambini, ambao Kasai waliijua kwa masimulizi tu. Reli iliyowaleta babu zao ikawapeleka wao ugenini, mahali palipoitwa kwao.

Neno walilotukanwa nalo ni bilulu, yaani wadudu. Mwanaisimu halipiti neno hili kimya. Ni neno la Kiswahili cha Katanga, lugha ileile iliyojengwa na wote, na limebeba kiambishi bi- kinachopatikana hata katika Kiluba cha wale waliotukanwa. Aliyetukana na aliyetukanwa hawakuhitaji mkalimani.

6. Tamati

Kwa muhtasari, tumeona namna tatu za kumpokea mgeni. Wayeke walipata nchi kwa nguvu na ndoa, wakaipoteza lugha yao, wakawa wenyeji. Wafanyakazi wa shaba walipata nyumba kwa mkataba, wakajenga lugha mpya, lakini uenyeji wao ukabaki mikononi mwa wengine: kwanza kampuni, kisha sheria, mwishoni wanasiasa. Na kila siasa ilipohitaji adui, mwenyeji wa jana aliitwa mgeni.

Je, lugha ya pamoja haina faida? Ina faida, na historia ya kambi ni ushahidi. Wengi waliofukuzwa walirudi baadaye, na waliporudi waliwasalimia majirani kwa Kiswahili. Hata hivyo, sisi tunaofundisha lugha hii tusidai kwamba yenyewe inatosha kuleta amani. Kiswahili kimetajwa katika Katiba ya 2006 kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa. Haki ya kukaa mahali mtu alipozaliwa ni ya sheria, na sheria lazima ilindwe na wenye mamlaka. Kazi yetu ni ndogo zaidi, lakini ni yetu: kukusanya maneno ambayo mji huu ulitumia kukaribisha na kufukuza, na kuwaeleza wanafunzi yametoka wapi. Wazee waliozaliwa katika kambi za kwanza wanapungua kila mwaka. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti aanze na swali moja kwao: waliwaitaje majirani zao, na majirani waliwaitaje wao?