Kosa la Unene na Kosa la Jicho: Hadubini na Miamba ya Ubende

Ardhi ya Makanyagio, kata mojawapo ya mji wa Mpanda, imo katika ukanda wa miamba mikongwe uitwao Ubende, ambao umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 2,000 hivi. Mwaka 1954 Idara ya Jiolojia ya Tanganyika, iliyokuwa na makao yake Dodoma, ilitoa uchunguzi wa John Sutton, Janet Watson na T. C. James juu ya miamba ya Karema na Ghuba ya Kungwe, kando ya Ziwa Tanganyika. Elimu ya namna hiyo haipatikani kwa nyundo peke yake. Jiwe hukatwa, likasagwa mpaka likabaki unene wa milimita 0.03, ndipo likatazamwa kwa hadubini ya nuru iliyopolarishwa, yaani nuru ambayo mitetemo yake yote hufuata upande mmoja.

Sifa hiyo ya nuru Étienne Malus aliitambua mjini Paris mwaka 1808, alipotazama kwa fuwele mwanga wa jua uliorudishwa na madirisha. Mwaka 1828 William Nicol wa Edinburgh aliunganisha vipande viwili vya kalsaiti kwa utomvu wa mti wa Kanada, akapata chujio la nuru. Machujio mawili yakipingana sawasawa, nuru huzimika. Jiwe likiwekwa kati, nuru hurejea na rangi zake, na kwa rangi hizo madini hutambulika.

Hapo ndipo makosa huingilia. Machujio yasipopingana barabara, giza si giza. Lenzi iliyobanwa mno na pete yake hupotosha mitetemo. Lakini kosa lililozoeleka zaidi ni la unene. Kwatzi yenye unene wa milimita 0.03 huonekana ya kijivu, ikiachwa 0.04 huwa ya manjano, na mwanafunzi akaidhania madini mengine. Wajuzi waliligeuza kosa hilo kuwa kipimo: msagaji huitazama kwatzi, akaendelea kusaga mpaka umanjano uondoke.

Kosa la jicho ni gumu zaidi. Feldispa hujulikana kwa pembe ambayo huzimikia, lakini giza lake haliji ghafula. Fuwele likipita mahali pake kwa nyuzi 1, nuru inayovuja ni sehemu 12 hivi katika 10,000 za mng'ao wake mkubwa, na jicho halina habari. Nyuzi chache zikikosewa, feldispa hupewa jina la jirani yake, na mwamba mzima husemwa umepitia joto ambalo haukulipitia. Katika vipimo vya sukari, Laurent wa Paris aliikwepa shida hiyo mwaka 1874 kwa kuugawa uwanja wa kutazamia nusu mbili, maana jicho ni hafifu katika kupima giza, lakini hodari katika kulinganisha. Mtazamaji wa mawe hana budi kuisoma pembe mara nyingi, akiijia kutoka pande zote mbili, kisha achukue wastani.

Madini ya risasi yaliyosababisha reli ijengwe kutoka Kaliua hadi Mpanda mwishoni mwa miaka ya 1940 hayapitishi nuru kabisa. Katika hadubini hii hubaki meusi, machujio yakipingana au yasipingane. Ili kuyasoma, hulazimu nuru irudishwe kutoka usoni pake, na huko makosa ni mengine.